Chumba cha Rangi, Nkuhungu: shajara ya nusu mwaka wa kwanza

Januari, wiki ya pili

Fremu tumepata. Ni ya uani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, zamani ilikuwa stoo ya saruji. Tumeifagia, tumeipiga maji, tumepaka chokaa kuta zote nne, na bado ukiegemea ukuta unaondoka na vumbi mgongoni. Dirisha ni moja na linatazama mashariki, kwa hiyo mwanga mzuri ni wa asubuhi. Tumechagua Jumamosi, saa mbili hadi saa tano, kabla bati halijapata moto na kabla jirani hajafungulia spika.

Mimi ni mchora mabango. Tangu mashine za kuchapa mabango ya plastiki zijae mjini, kazi ya brashi imebaki kwenye vioski, milango ya baa na mkokoteni mmojammoja. Mwenzangu ni muuguzi mstaafu aliyetumikia wodi za afya ya akili miaka mingi. Kila mtu humwita Sista, na mimi pia. Yeye ana wazo, mimi nina brashi. Wazo lenyewe ni hili: watu wazima wenye hisia nyepesi, wale walioambiwa "jikaze" tangu wakiwa watoto, wapate mahali pa kupaka rangi bila mtu kutaka wawe wachoraji. Tuone kama inawasaidia kukaa na hisia zao badala ya kuzikimbia au kuzionea haya.

Maandishi ya mlangoni yametuletea ubishi. Sista alitaka neno afya liwemo. Nikamwambia, Sista, hapa Dodoma ukiandika afya na akili kwenye mlango mmoja watu watavuka barabara wapite upande wa pili. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko mji huuhuu, na jina la hospitali ile limefanywa mzaha nchi nzima. Mtu akichelewa tu kujibu swali anaulizwa kama leo kameza dawa. Nimeandika "Chumba cha Rangi", kwa herufi nyekundu, basi.

Januari, mwishoni

Waliokuja ni wachache kuliko tuliowaalika, lakini wameshinda viti. Tumekubaliana majina hayaingii humu, kwa hiyo nawataja kwa shughuli zao. Yupo mhasibu, dada ambaye bosi akimgombeza mtu mwingine kabisa, tumbo linamkata yeye mpaka jioni. Yupo kijana wa bodaboda. Yupo mwalimu wa sekondari asiyeweza kusahihisha karatasi kama redio inasikika hata kwa jirani. Yupo mama anayeuza mboga soko la Majengo; akipita penye msiba wa watu asiowajua, analia kuliko wafiwa. Yupo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mkimya. Wengine wanakuja na kupotea.

Sista alianza kwa maelezo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, ndiye aliyewapa watu hawa jina katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 yeye na mumewe Arthur walichapisha dodoso la maswali 27 la kuwapima. Maswali yenyewe ni ya maisha ya kila siku: kelele zinakuchosha? Unashtuka haraka? Hali za watu wengine zinakuingia? Muziki au sanaa hukugusa sana? Aron alikadiria watu 15 hadi 20 katika kila mia wako hivyo. Tafiti za baadaye zimefikisha kundi hilo karibu 30. Si ugonjwa, wala haimo katika orodha ya magonjwa ya akili. Utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika jambo hili ni ya kurithi.

Hapo kwenye kurithi ndipo muuza mboga alipoinua kichwa.

"Kwa hiyo si kudeka?"

"Si kudeka, mama yangu," Sista akamjibu.

"Basi marehemu mama naye alikuwa hivihivi. Na tulikuwa tunamcheka."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Sista hana haraka na kimya, nadhani ndiyo faida ya kufanya kazi wodini. Baadaye akaongeza jambo ambalo tangu siku hiyo analirudia karibu kila wiki: mtu anayeumizwa upesi na mazingira mabaya, huyohuyo ndiye hunufaika upesi mazingira yakiwa mema. Mlango ni mmoja, vyote vinapitia hapo.

Februari, mwanzoni

Suala la rangi. Mabaki ya rangi ya mafuta ninayo ya kutosha, ila thina yake inanuka, na watu hawa ndio wa kwanza kuumwa kichwa. Mwalimu alitoka nje hata kabla sijafungua kopo la pili. Rangi za wachoraji zinazouzwa madukani bei yake si ya mradi huu. Nikasema tuchimbe.

Dodoma udongo si wa kutafuta. Wekundu wake unatokana na oksaidi za chuma, jamii moja na kutu, na rangi ya namna hiyo haipauki kwa jua. Kila mtu aliambiwa aje na kopo la udongo wa kwao au wa anakopita. Ukaja wa Hombolo, wa Mvumi, wa Chamwino, wa Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, wa Kikuyu nyuma ya nyumba, na mweusi wa mbugani ambao kijana wa bodaboda aliuchota njiani akiwa na abiria mgongoni.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ponda, chekecha, mimina kwenye ndoo ya maji, koroga. Subiri kidogo, mchanga unazama, rangi inabaki inaelea. Mimina maji yale ya rangi kwenye ndoo ya pili taratibu, acha mchanga chini. Rudia. Acha ndoo ya mwisho ilale mpaka maji yawe maangavu juu, yamwage, na ile tope laini iliyobaki ianike kwenye sinia. Ikikauka isage kwa jiwe. Ili ishike kwenye karatasi inataka gundi, na hapo nchi kavu kama yetu imebarikiwa: utomvu wa aina fulani za mgunga, ukiloweshwa usiku kucha, ndio gundi ileile inayoshikilia rangi za maji za dukani duniani kote.

Mwenye nyumba, bibi wa Kigogo ambaye tulidhani hatujali kabisa, alisimama mlangoni akitutazama tunavyochekecha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huo wa nini? Huo utapasuka." Akaondoka, akarudi na bonge la udongo wa kichuguu. "Tulikuwa tunapigia kuta za tembe. Mchwa wameshachekecha, nyie mnajisumbua nini."

Ni kweli. Udongo wa kichuguu ulitoa rangi laini kuliko zote, kahawia inayoelekea uwaridi.

Sasa jambo ninalotaka lisipotee humu. Tulipokuwa tunasafisha meza, mhasibu alianza kupanga makopo bila kuambiwa na mtu. Mimi nilikuwa naona nyekundu tatu, pengine nne, na kazi yangu ni rangi. Yeye alizipanga zote mstari mmoja, kutoka ile inayovuta manjano hadi ile inayovuta zambarau, na katikati akaacha nafasi. "Hapa inakosekana moja," akasema. Nikachanganya ya Mvumi na ya kichuguu, nikamletea. Akatikisa kichwa. Nikaongeza Mvumi, kijiko kidogo cha chai. "Sasa imekaa." Nikaichukua nje juani nikaona kweli imekaa.

Kazini kwao, alituambia, sifa yake ni kwamba anashikilia vitu vidogovidogo. Kwangu mimi mtu anayeona vile hulipwa. Sikumwambia hivyo kwa sauti kubwa maana anaona haya, lakini tangu siku ile yeye ndiye msimamizi wa makopo, na mwanagenzi yeyote akiuliza ipi ni ipi anatumwa kwake.

Bluu haimo ardhini kwetu. Mwanafunzi hataki rangi nyingine. Tumemnunulia bluu ya kufulia, tumeisaga na gundi ya mgunga, inafanya kazi vizuri mno na bei yake ni ya pipi.

Februari, mwishoni: meza mbili

Tulikuwa na hoja ambayo haikuisha kwa maneno, kwa hiyo tukaifanyia jaribio. Sista alijifunza katika semina kwamba mtu achore kile kinachomwelemea, akitoe. Mimi sikuamini sana. Tukagawa chumba. Meza ya kwanza ikaambiwa: paka kinachokuuma. Meza ya pili ikapewa kibuyu na kichala cha zabibu, msimu ndio huu, ikaambiwa: paka unachokiona. Wiki iliyofuata wakabadilishana. Kabla na baada, kila mmoja alisema neno moja tu kuhusu kifua chake.

Meza ya kibuyu, karibu wote waliingia na "kimebana" wakatoka na "kimeachia", "kimepoa", mmoja "njaa", jambo ambalo Sista alilifurahia. Meza ya kwanza ilikuwa nzito. Muuza mboga alipaka nyeusi juu ya nyeusi mpaka karatasi ikatoboka. Mwanafunzi aliacha brashi ndani ya kopo akaondoka bila kuaga. Sista alimfuata hadi barabarani, akarudi naye baada ya muda wakiwa na miwa.

Kundi letu si utafiti, na silitangazi hivyo. Lakini Sista mwenyewe ndiye aliyekumbuka kwamba wapo waliofanya utafiti wa kweli kuhusu hili. Huko Marekani, Jennifer Drake na Ellen Winner waliwahuzunisha watu kwanza kwa filamu, kisha wakawapa kalamu: baadhi wachore huzuni yao, wengine wachore kitu kingine kabisa. Waliochora kitu kingine ndio waliopata nafuu zaidi kwa muda ule.

"Ila kukwepa siko tunakotaka kwenda," Sista akasema. "Tunataka wazipokee, si wazifiche nyuma ya kibuyu."

Ni hoja nzuri na nimeizungusha kichwani siku kadhaa. Ninachokiona ni kwamba mtu mwenye hisia nyepesi hajapungukiwa na hisia hata aongezewe dozi. Zipo, zimejaa mpaka shingoni. Anachokosa ni mahali pa kusimama wakati zinapita. Mkono ukiwa na kazi, jicho likiwa na kitu cha kufuata, ukingo wa kibuyu unapoingia kivulini, basi huzuni inaweza kuja ikakaa kiti cha pembeni, na mtu asikimbie. Kibuyu si ukuta wa kujifichia. Na nimeona watu wa meza ya pili, kadiri walivyoendelea, zabibu zao zikaanza kuwa na hali: za mwalimu zilikuwa zimesinyaa wakati zilizokuwa mezani zilikuwa nono. Hakuna aliyemtuma.

Tumeamua kila Jumamosi tuanze na kitu kinachoshikika. Anayetaka kukiacha akaingia ndani mwake, aingie kwa wakati wake, na Sista awe karibu. Sista bado anadhani mimi naogopa machozi ya watu. Inawezekana anayo hoja.

Machi

Mvua. Bati linavuja pale juu ya rafu. Rangi ya gundi ya mgunga ikilowa inayeyuka, kwa hiyo michoro kadhaa iliyokuwa inakauka imetiririka. Wengine wamekasirika. Mwanafunzi aliitazama bluu yake ilivyoshuka kwenye karatasi, akaiweka tena chini ya tone kwa makusudi. Bati litazibwa. Amesema tumwachie kona moja isizibwe, na mwenye nyumba amecheka.

Aprili: Bunge limeanza

Mji umejaa. Bunge la bajeti likianza hakuna chumba cha wageni, hakuna meza ya chakula, na barabara kuu ni ving'ora asubuhi na jioni. Waliozaliwa hapa wanakumbuka mji uliokuwa unalala saa mbili usiku. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni habari ya maendeleo, na mimi nafurahi, vioski vipya vinataka majina. Kwa mwalimu wetu ni nyundo za mafundi pande zote tatu za nyumba, bodaboda ya matangazo yenye spika, na mahubiri ya usiku. Alikuja Jumamosi moja akaketi akitetemeka mikono.

Sista ana dawa moja ya hali hiyo na nimeona inafanya kazi. Rangi moja tu. Brashi pana kuliko zote, ya inchi tatu, ya kupakia kuta. Karatasi kubwa ya manila. Mstari kutoka kushoto kwenda kulia, pumzi ikitoka; rudisha mkono, pumzi ikiingia; mstari mwingine chini yake. Hakuna kuchora kitu. Mwalimu alijaza karatasi na ya Chamwino, akageuza, akajaza upande wa pili. Mtetemeko wa mikono ukatulia.

Kwa muda tunafuata dakika 45 bila mazungumzo, kisha ndiyo chai. Hesabu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2016, Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima watu wazima 39 mate yao kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa. Kwa takribani robo tatu yao, homoni ya kortisoli, ile inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka. Aliyewahi kuchora na asiyewahi hawakutofautiana. Muuza mboga alipoelezwa aliuliza hiyo robo iliyobaki ilikuwaje. Ilipanda, au ilibaki palepale. "Ndio mimi hao," akasema, na watu wakacheka, naye akacheka.

Sheria mpya ya chumba, imetokana na jambo lililotokea wakati wa chai. Mgeni mmoja alimwambia kijana wa bodaboda, "Kaka, hii nzuri sana!" na kijana akafunika karatasi yake akaigeuza. Nilidhani sifa haimdhuru mtu. Kumbe kwa hawa, sifa nayo ni mzigo. Wiki ijayo ataanza kupaka ili asikuangushe. Kwa hiyo: hatusemi nzuri, hatusemi mbaya, hatuulizi "umemaanisha nini". Swali linaloruhusiwa ni moja, la kifundi: "Hapa umefanyaje?"

Swali hilo limefungua vinywa kuliko dodoso. Nilimuuliza kijana kwa nini wekundu wake ni mzito kuliko wa wenzake na udongo ni uleule. Kosa, nimeuliza kwa nini, nikarekebisha, umefanyaje. Akanionyesha: kwanza anapaka masizi kote, anaacha yakauke, kisha nyekundu juu, nyembamba, mara mbili. Weusi hauonekani ila unaushika wekundu kwa chini. Hiyo ni mbinu ya kweli, wachora mabango huitumia, na yeye kaigundua peke yake. Akiwa anaeleza habari ya kilicho chini, bila mtu kumuuliza, akaanza kueleza ajali aliyoikuta usiku kwenye barabara ya Singida, na jinsi ambavyo wenzake kijiweni walivyomcheka alipolia. Sauti yake haikubadilika. Mkono ulikuwa unaendelea kusaga masizi.

Mei: Kolo

Barabara ya Kondoa ni lami siku hizi, kwa hiyo Costa ya kukodi imetosha. Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani, iko mbele ya Kondoa mjini, njia ya Babati. Unajiandikisha kwenye ofisi ya Mambo ya Kale pale kijijini, unapewa mwongozaji, kisha kuna kupanda mlima ambako Sista alipanda akiwa mbele yetu sote.

Michoro ya miamba ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, na mumewe Louis waliitembelea pango kwa pango wakiinakili. Ile ya kale zaidi ni nyekundu, ya wawindaji na wakusanyaji. Nyeupe, nene nene, zimekuja baadaye na wakulima, mara nyingine juu ya nyekundu. Wataalamu wengi huihusisha ile nyekundu na jamii ya Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi upande wa Chemba.

Nilikuwa na picha moja akilini tangu tulipopanga safari. Watu wamechorwa warefu, wembamba, vichwa vikubwa vya ajabu. Mmoja yuko katikati, inaonekana ni mwanamke. Wa kushoto wamemshika mkono, wa kulia wamemshika mkono wa pili. Leakey aliiona kama utekaji: wanamvuta, upande mmoja unamng'ang'ania. Wengine baada yake wakaisoma tofauti kabisa. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo, ambamo mchezaji hupandwa na kuwa kama simba; kwa usomaji huo, yule wa katikati amezidiwa na ngoma, na wenzake wanamshikilia.

Mwongozaji alieleza yote mawili, akanyamaza. Tukakaa juu ya mawe tukitazama.

"Wanamvuta," muuza mboga akasema. "Angalia mkono ulivyonyooka."

"Mbona miguu yake haijakaza?" Huyo alikuwa mhasibu. Alikuwa amesogea karibu kadiri inavyoruhusiwa. "Anayevutwa anakaza miguu. Huyu kaachia."

Mwanafunzi, ambaye mimi nadhani sijamsikia akisema sentensi tatu mfululizo tangu Januari, alisema yeye siku akizidiwa hawezi kutofautisha anayemvuta na anayemshika, zote zinauma mkononi. Na kwamba nyumbani kwao wote wanaomvuta wanaamini wanamshika. Kijana wa bodaboda akamsogezea chupa ya maji. Ndiyo mazungumzo yote. Hatukuyaendeleza, na Sista hakuyakusanya kuwa somo, namshukuru.

Kugusa hairuhusiwi, wala kurushia maji ili rangi ing'ae kwenye picha ya simu, mchezo ambao umeharibu michoro mingi duniani. Mahali pale pia bado ni pa matambiko kwa wenyeji, kwa hiyo tulipunguza sauti hata bila kuambiwa. Njiani kurudi mhasibu alikuwa na kopo mapajani. Kabla ya kuondoka alikuwa ameomba kuchota udongo pale chini barabarani, nje ya eneo la hifadhi, mwongozaji akamruhusu. Limeingia kwenye mstari, nafasi ya pili kutoka mwisho.

Juni

Upepo na vumbi. Asubuhi baridi, gundi inachelewa kukauka.

Nayaandika pia yasiyokwenda. Mwalimu anasema Jumamosi analala vizuri, Jumapili amerudi palepale. Rangi haimzimii mtu nyundo za jirani, na amehamia chumba cha nyuma, jambo ambalo limemsaidia kuliko sisi. Mmoja wa wale wanaokuja na kupotea alikuwa halali kwa wiki nyingi na akaanza kusema maneno ya kuchoka kuishi. Sista hakumpa brashi. Alimchukua mkono siku hiyohiyo wakaenda hospitali wote wawili, na anaendelea na matibabu. Hilo lilikuwa makubaliano yetu toka siku ya kwanza: hiki ni chumba cha rangi, na kuna hali ambazo mtu anahitaji daktari kwanza.

Uongozi wa mtaa umesikia habari zetu. Wametaka michoro itundikwe kwenye ofisi, kuna ugeni unakuja. Nia ni njema na mimi, kwa mtu wa mabango, nilishaanza kuwaza fremu. Tukaleta suala mezani. Muuza mboga alikataa kabla sijamaliza. Mwanafunzi alikataa kwa kichwa. Mhasibu alisema jambo lililomaliza kikao: akijua itatundikwa, atapaka ya kutundikwa. Tumepeleka jibu kwa heshima, kwamba michoro haipo tayari, na tumewapa badala yake siku ya kuja kusaga udongo na sisi. Bado hawajajibu.

Wakati huohuo bibi mwenye nyumba amekuja na lake. Anataka ukuta wa uani upakwe. Yeye haogopi kutazamwa na mtu, na ukuta ni wake, kwa hiyo kundi limekubali bila ubishi. Rangi za udongo tu, chini kichuguu, juu nyekundu za mhasibu zikifuatana kwa mpangilio wake. Masharti ya bibi ni kwamba pasichorwe macho, kuku wataogopa, na kwamba bluu iwepo hata kidogo. Mwanafunzi amekabidhiwa sehemu ya juu karibu na bati. Nimemweleza bibi kwamba gundi ya mgunga haitahimili mvua za Desemba. Akasema tembe nalo lilipigwa upya kila mwaka, kwani sisi tuna safari ya kwenda wapi. Kodi ya Julai tutaijadili ukuta ukikauka.